Mkate wa kitunguu saumu: vipi ukauke kau bila kitunguu kuungua?

Bint Pangani ameuliza:

Asalaam alaykum na habari za mchana, ndugu zangu wapenda mapishi.

Swali langu linahusu mkate wa kitunguu saumu, yaani zile slesi zinazopakwa siagi yenye kitunguu saumu kisha zikabanikwa mpaka zikauke na kulia zinapoumwa. Nyumbani tunaupenda pamoja na supu ya dengu, na mwezi wa Ramadhani huwa tunauweka mezani baada ya uji na tambi. Tatizo ni kwamba kila ninapoupika mwenyewe, juu unakuwa na madoa meusi, katikati umelowa mafuta na kulegea, na vipande vya kitunguu saumu vimeungua hadi vimekuwa vichungu.

Sina oveni. Ninalo jiko la gesi la mafiga mawili, kikaango kizito, chuma cha chapati, na seredani ambayo huitoa uani ninapotaka kuchoma samaki au mahindi. Mkate ninaotumia ni ule mweupe wa dukani uliokwisha kukatwa slesi. Ninakwaruza punje nne au tano za kitunguu saumu, ninachanganya na siagi ya mimea na chumvi kidogo, ninapaka slesi pande zote mbili, kisha ninaziweka kwenye kikaango cha moto. Zikishaiva ninazipanga ndani ya hotpoti ili zisipoe kabla ya watu kukaa mezani, na hapo ndipo hata ule ukavu mdogo uliokuwapo unapopotea kabisa.

Ninaomba kuelezwa, hatua kwa hatua na kwa sababu zake, ni mkate gani unaofaa, ni mafuta gani yanayofaa, kitunguu saumu kiingie wakati gani, na namna ya kuufanya ubaki mkavu hadi unapoliwa. Nimesoma maelezo mengi yanayosema tu "oka kwa dakika kumi", nayo hayanisaidii mtu nisiye na oveni.

---

Mpishi wa Chumbageni amejibu:

Wa alaykum salaam, dada. Nimefanya kazi ya jikoni hotelini kwa miaka mingi, na mkate huu ni miongoni mwa vitu ambavyo wapishi wanafunzi huviharibu kwa namna ile ile uliyoieleza, kwa kuwa wanaufikiria kuwa ni jambo la mafuta na kitunguu ilhali kwanza ni jambo la maji.

Mkate mweupe wa kawaida una maji yanayozidi theluthi moja ya uzito wake. Maadamu maji hayo yamo karibu na uso wa slesi, joto la uso huo haliwezi kupanda mbali juu ya nyuzi 100, kwa sababu kila joto unaloliongeza linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Rangi ya dhahabu na harufu ya mkate uliobanikwa hutokana na sukari na protini kuungana kwenye joto kali, mabadiliko ambayo mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyaeleza mwaka 1912, na ambayo kwa mkate huanza kwenda kwa kasi ya kuonekana joto linapokaribia nyuzi 140. Kwa hiyo mkate hauwezi kupata rangi sawasawa kabla uso wake haujakauka, wala hauwezi kulia unapoumwa ikiwa ndani yake bado kuna unyevu unaosubiri kutoka.

Sasa tazama unachofanya. Unaupaka mkate mbichi mafuta pande zote mbili kabla haujatoa hata tone moja la maji. Mafuta yanaingia katika vitundu vya mkate, unyevu unabaki ndani, na kikaango chenye moto mkali kinababua sehemu zile tu zinazogusa chuma. Isitoshe, siagi nyingi za mimea zinazouzwa madukani si mafuta matupu. Siagi halisi ya maziwa ina mafuta yapatayo asilimia 80 na maji yapatayo asilimia 16, na baadhi ya siagi za mimea za kupaka zina maji mengi zaidi ya hapo ili ziwe laini kwenye kisu. Ukisoma maandishi ya kopo lako utaona kiwango cha mafuta, na kikiwa ni asilimia 60 au chini yake, elewa kwamba unaulowesha mkate maji yale yale unayotaka kuyaondoa.

Utaratibu ninaoupendekeza ni wa kutenganisha kazi tatu ambazo wewe umezifanya kwa pamoja: kukausha, kupaka, na kutia rangi.

Anza na kukausha. Weka kikaango au chuma cha chapati kwenye moto mdogo, bila mafuta yoyote na bila kufunika, kisha panga slesi zisipandane. Ziache dakika tatu au nne kila upande, ukizigeuza zaidi ya mara moja, mpaka uso uwe mgumu unapougusa kwa kidole na kingo zianze tu kupata rangi. Usiharakishe hapa. Mkate wa dukani una sukari, na mwingine una maziwa pia, hivyo moto ukiwa mkali utapata rangi nzuri ya nje huku ndani ukiwa mbichi, na utadanganyika kuwa umeiva. Zikishakauka, zitoe na uziweke juu ya wavu wa chuma au uziegemeze moja kwa nyingine zikiwa wima, kwa kuwa slesi ya moto ikilazwa juu ya sahani hutoa jasho chini yake.

Wakati zinapumzika, shughulikia kitunguu saumu. Kwa slesi nane chukua gramu 80 hivi za siagi halisi au samli, na punje nne za kitunguu zilizotwangwa kwenye kinu pamoja na chumvi robo kijiko cha chai. Baada ya kutwanga, kiache dakika kadhaa kabla ya kukipasha moto. Ile harufu kali haimo ndani ya punje nzima, bali huundwa pale chembechembe zinapopasuliwa na kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, kilichokuwa kimetengwa kikakutana na kiini chake, na joto huua kimeng'enya hicho. Ukitia kitunguu kwenye mafuta ya moto mara tu unapokikata, unapata ladha pungufu kuliko kitunguu ulicholipia. Yeyusha siagi katika sufuria ndogo kwa moto mdogo kabisa, tia kitunguu, koroga kwa dakika mbili au tatu, na epua kabla hakijaanza kubadilika rangi. Kisha chuja. Mafuta yaliyochujika ndiyo yatakayopakwa kwenye mkate, na yale makapi laini yawekwe kando.

Paka mafuta hayo kwa brashi au kwa mgongo wa kijiko, upande mmoja vizuri na upande wa pili kidogo tu. Rudisha slesi kwenye kikaango, sasa kwa moto wa wastani, dakika moja au moja na nusu kila upande. Kwa kuwa maji yamekwisha kutoka, rangi itakuja haraka na kwa usawa. Ukishaepua, paka yale makapi ya kitunguu juu ya slesi zikiwa bado na moto, ukipenda na majani ya dania yaliyokatwa. Kitunguu hakitaungua, kwa sababu hakikukaa kikaangoni hata kidogo.

Kuhusu mafuta, mimi ninapendelea samli kuliko siagi kwa kazi hii. Haina maji, haina zile chembe za maziwa zinazoungua na kuacha vidoadoa vyeusi, na harufu yake inaendana na kitunguu saumu vizuri mno. Siagi ya mimea yenye mafuta asilimia 80 inafaa pia ikiwa ndiyo iliyopo.

---

Kijana wa Kisauni amejibu:

Salaam kwenu nyote. Maelezo ya Mpishi wa Chumbageni ni sahihi upande wa kukausha, ila nitatofautiana naye upande wa kuchuja na kupaka, kwa maana naona anaifanya kazi ya dakika tano iwe ya nusu saa. Dada amesema anayo seredani. Anayo seredani na bado anahangaika na kikaango?

Hapa Mombasa mimi sinunui mkate wa slesi kwa kazi hii. Ninanunua boflo la kawaida la mkate mkavu kidogo, lisilo na sukari nyingi, na ninaliacha lilale hadi siku ya pili. Mkate uliolala umekwisha kupoteza sehemu ya unyevu wake na nyama yake imeshikana, hivyo unakatika vizuri kwa kisu cha meno na haubonyei. Ninakata slesi zenye unene wa kidole cha kati cha mtu mzima, si nyembamba kama zile za dukani. Slesi nyembamba mno ikikauka huwa ni kama biskuti, na haina nafasi ya kuwa ngumu nje na kuwa na uhai kidogo ndani.

Makaa yakishashika vyema na kufunikwa na jivu jeupe, bila ulimi wowote wa moto, ninaweka wavu juu yake kwa kimo cha shibiri moja na kupanga slesi zikiwa tupu. Zinakauka na kupata rangi kwa wakati mmoja, kwa sababu hewa moto inapita pande zote na mvuke hauna pa kujificha. Zinataka kugeuzwa geuzwa na zinataka mtu asimame hapo hapo, maana makaa hayana swichi.

Kisha linakuja jambo ambalo linaondoa kabisa tatizo la kitunguu kuungua. Ninachukua punje ya kitunguu thomu, ninaimenya, ninaikata kichwa, na ninaisugua ikiwa mbichi juu ya uso wa slesi ya moto. Uso wa mkate uliokauka unakwaruza, na punje inaliwa nao taratibu hadi inabaki kipande kidogo. Baada ya hapo ninanyunyiza mafuta ya zeituni na chumvi ya mawe iliyopondwa, na kazi imekwisha. Watu wa Toscana, kule Italia, wana desturi hii hii ya mkate uliochomwa makaani, ukasuguliwa kitunguu na kumwagiwa mafuta mapya ya zeituni, nao huuita *fettunta*. Sisi tuna makaa, tuna boflo, na kitunguu hakikosekani sokoni, kwa hivyo sioni sababu ya kuanza kuchuja mafuta.

Ila niseme haki: kitunguu kibichi ni kikali, na watoto au wenye matatizo ya tumbo hawatakifurahia. Punje moja isuguliwe slesi tatu au nne, si zaidi. Na kama mtaula pamoja na supu yenye pilipili, punguzeni hata hapo.

---

Mama wa Oveni, Dodoma, amejibu:

Nawasalimu wote. Dada mwenye swali amesema hana oveni, nami sitamlazimisha anunue, lakini wapo wengine watakaosoma hapa ambao wana oveni au vile vioveni vidogo vya mezani, kwa hiyo nitaeleza kwa ufupi.

Kanuni ni ile ile ya kukausha kwanza. Washa oveni kwa nyuzi 150, panga slesi juu ya wavu na si juu ya sinia, kisha ziache dakika 10 hadi 12, ukizigeuza mara moja katikati. Zitoe, zipake siagi au samli yenye kitunguu, pandisha joto hadi nyuzi 200, na zirudishe kwa dakika nne au tano. Wanaotumia moto wa juu peke yake wasiondoke mbele ya kioo, kwani tofauti kati ya dhahabu na makaa hapo ni sekunde chache. Sinia tupu huzuia mvuke kutoka chini ya mkate, na ndiyo maana watu wengi wa oveni nao wanalalamika kuwa slesi zao ni kavu juu na laini chini.

Nina mawili ya kuongeza. La kwanza ni jibini. Wako wanaoinyunyiza juu ya mkate huu na kisha wanashangaa kwa nini haukauki. Jibini inayoyeyuka hutoa maji na mafuta yake juu ya mkate, hivyo ikiwa shabaha yako ni ukavu, iache, au tumia jibini ngumu iliyokwaruzwa kidogo sana mwishoni.

La pili ni rangi. Usibanike mkate mpaka uwe wa kahawia iliyokolea ukidhani ndiyo njia ya kuufanya mkavu. Watafiti wa Uswidi walitangaza mwaka 2002 kwamba vyakula vya wanga vinavyopikwa bila maji kwa joto linalozidi nyuzi 120 huzalisha akrilamidi, kemikali inayoshukiwa kuchangia saratani, na kadiri mkate unavyozidi kuwa mweusi ndivyo inavyozidi. Sisemi hivyo kwa kuwatisha, kwani hakuna haja ya kuacha kula mkate wa kubanikwa. Ninasema kwa sababu ukavu unatokana na muda kwenye moto mdogo na si na weusi, na anayefuata hatua ya kukausha atapata slesi inayolia ikiwa na rangi ya dhahabu tu.

Kwa kaka wa Kisauni: njia yako ni nzuri, ila mkate wake lazima uliwe pale pale karibu na seredani. Mafuta ya zeituni yakimwagwa juu, ndani ya robo saa slesi imeanza kulegea.

---

Kijana wa Kisauni amejibu:

Mama, hilo nalikubali. Lakini mkate wa kubanikwa unaosubiri robo saa kwetu haujawahi kuonekana.

---

Bint Pangani amejibu:

Nawashukuru sana, na kwa kweli nimejifunza kwamba kosa langu halikuwa kwenye kipimo cha kitunguu kama nilivyodhani. Leo mchana nimejaribu kukausha slesi mbili kwenye chuma cha chapati bila mafuta, kwa moto mdogo, na tofauti imeonekana hata kabla sijazipaka kitu. Samli pia ninayo.

Yamebaki maswali yangu mawili. La kwanza, kwa kuwa wakati wa kufuturu jikoni kuna mambo mengi, je, ninaweza kutengeneza mafuta ya kitunguu saumu mengi kwa pamoja, nikayatia kwenye chupa na kuyaweka kabatini kwa matumizi ya mwezi mzima? Jirani yangu anafanya hivyo kwa mafuta ya alizeti, akiacha punje zizame ndani. La pili, ikiwa hotpoti ndiyo inayoharibu, niziweke wapi slesi zangu kati ya alasiri na magharibi, hasa ukizingatia unyevu wa hewa ya pwani?

---

Afisa Lishe Mstaafu amejibu:

Nilikuwa nikisoma tu, lakini swali la kwanza la Bint Pangani limenilazimu niandike, kwa sababu jibu lake ni hapana, na inafaa sababu yake ieleweke na kila anayepika.

Kitunguu saumu hukua ardhini, na udongo huwa na spora, yaani chembe sugu kama mbegu, za bakteria waitwao *Clostridium botulinum*. Spora hizo hazina madhara zikiwa kwenye hewa, wala joto la kawaida la kupikia haliziui zote. Hatari inaanza zinapokutana na mambo matatu kwa pamoja: kutokuwapo hewa, kutokuwapo uchachu, na joto la kawaida la chumba. Punje iliyozama ndani ya mafuta, kwenye chupa, kabatini, imepewa yote matatu. Hapo bakteria wanaweza kukua na kutengeneza sumu inayopooza misuli, ikiwemo ya kupumulia, na ubaya wake ni kwamba mafuta hayo yanaweza yasibadilike harufu, rangi wala ladha.

Jambo hili si la nadharia. Mwaka 1985 watu 36 waliugua botulizimu, yaani ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo, baada ya kula katika mkahawa mmoja jijini Vancouver, Kanada, na chanzo kilikuwa kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kuhifadhiwa katika mafuta bila kuwekwa kwenye jokofu. Mwaka 1989, katika jimbo la New York, Marekani, watu watatu waliugua, na kwao chakula chenyewe kilikuwa ni mkate wa kitunguu saumu uliotengenezwa kwa bidhaa ya namna hiyo hiyo. Baada ya tukio hilo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitaka bidhaa hizo zitiwe asidi ili bakteria wasiweze kukua. Chupa ya jirani yako haina asidi hiyo, na kukamulia ndimu kwa makisio hakutoshi kuifanya salama.

Unachoweza kufanya ni kimojawapo kati ya haya. Tengeneza samli ya kitunguu ya siku hiyo tu, ambayo kwa maelezo ya Mpishi wa Chumbageni haichukui hata dakika kumi. Au itengeneze kwa wingi kidogo, igawe kwa vipimo vya mlo mmoja mmoja, na uiweke kwenye friza iliyogandisha kwelikweli. Ikiganda inakaa kwa usalama, nawe unatoa kipande kimoja unapohitaji. Ukiiweka kwenye jokofu la kawaida, itumike ndani ya siku mbili au tatu, na ikiwa umeme wa mtaani kwenu hukatika kwa saa nyingi, usihesabu hata siku hizo. Njia nyingine ni kutumia unga wa kitunguu saumu, ambao ni mkavu na hukaa kabatini bila hatari hii ukiwa peke yake. Ukoroge kwenye samli iliyoyeyuka wakati ule ule wa kupaka. Ladha yake si sawa na ya kitunguu kibichi, na nao huungua upesi, lakini kwa jioni yenye shughuli nyingi unafaa.

Tafadhali mfikishie jirani ujumbe huu kwa upole, na chupa hiyo imwagwe.

---

Mpishi wa Chumbageni amejibu:

Ninamshukuru Afisa Lishe. Sina la kuongeza kwenye hilo isipokuwa kwamba hotelini tulikuwa tukitengeneza siagi ya kitunguu kila asubuhi, na iliyobaki usiku ilitupwa.

Nije kwenye swali la pili. Hotpoti imetengenezwa kuzuia joto lisitoke, na inapozuia joto inazuia na mvuke. Slesi iliyotoka kikaangoni bado ina unyevu kidogo katikati, na unyevu huo ukifungiwa hugeuka matone kwenye mfuniko na kurudi juu ya mkate. Kufunika kwa kitambaa ni nafuu kidogo, lakini bado si dawa, na karatasi ya foili ndiyo mbaya kuliko vyote.

Kwa hali yako, ugawe upishi mara mbili. Alasiri, kausha slesi zote kwa moto mdogo zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko nilivyoandika mwanzo, hata dakika tano kila upande, bila kuzipaka kitu. Ziache juu ya wavu zipoe kabisa kabisa, nasisitiza kabisa, kisha zifungie ndani ya bati la biskuti au chombo chochote chenye mfuniko unaobana. Kabla ya kupoa usizifungie, na baada ya kupoa usiziache wazi, maana hewa ya Tanga ina unyevu mwingi na mkate mkavu huunyonya. Mtu wa Dodoma anaweza kuziacha mezani na asione tofauti kubwa. Ikikaribia magharibi, yeyusha samli, pika kitunguu dakika zile mbili tatu, paka, na uzipitishe kikaangoni dakika moja kila upande. Zikitoka, zipange wima kwenye kikapu kilicho wazi na zipelekwe mezani. Slesi nane kwa kikaango cha kawaida ni mizunguko miwili au mitatu, kwa hiyo anza watu wakiwa kwenye tende na uji.

Usiweke mkate kwenye jokofu ukidhani utakauka. Wanga wa mkate hukakamaa upesi zaidi kwenye ubaridi wa jokofu kuliko kwenye joto la chumba, na mkate unakuwa mgumu wa kutafuna huku maji yake yakiwa bado yamo ndani. Mkate uliozidi ni heri ugandishwe kwenye friza ukiwa umekwisha kukatwa, na slesi zitoke moja kwa moja hadi kwenye chuma cha moto mdogo.

Kuhusu rafiki yangu wa Kisauni, sina ugomvi na njia yake ya kusugua kitunguu kibichi. Tena inaweza kuungana na yangu: slesi iliyokauka ikasuguliwa kidogo upande mmoja, kisha ikapakwa samli tupu, inatoa ukali wa kitunguu bila kipande chochote cha kuungua. Isipokuwa watu wazima peke yao ndio wapewe hiyo.

---

Bint Pangani amejibu:

Nimeelewa vizuri sana. Nitakausha alasiri na kupaka magharibi, na boflo nitalijaribu Ijumaa, kwani kuna tanuri la mkate karibu na soko ambalo halitii sukari nyingi. Kwa upande wa jirani, nimekwisha kumsomea maelezo ya Afisa Lishe, na ameuliza kama kitunguu kilichotiwa kwenye siki nacho kina hatari hiyo.

---

Afisa Lishe Mstaafu amejibu:

Punje nzima zilizozamishwa katika siki ya dukani isiyozimuliwa, yenye uchachu wa asilimia 5, na chupa ikakaa kwenye jokofu, hazina hatari hiyo, kwa kuwa bakteria hao hawakui penye uchachu wa kiasi hicho. Lakini punje za siki hazifai kwa mkate huu, kwani zina maji mengi na zitaulowesha. Azitumie kwenye kachumbari.